JE, DUNIA YAWEZA KUWA NA SERIKALI MOJA?

Mkulima wa Nyeri ampelekeaye mwanawe barua Toronto hubandika stampu za Kenya tu. Hamlipi Mkanada hata senti moja kwa kazi ya kuifikisha. Zamani haikuwa hivyo. Nchi ziliagana mbili mbili, na kila nchi iliyovukwa na barua ilidai fungu lake. Ndipo tarehe 9 Oktoba 1874, mjini Bern, wajumbe wa nchi 22 walipotia sahihi mapatano ya kuzihesabu nchi zao kuwa eneo moja la posta. Mapatano hayo yamepita katika vita vikuu viwili yasife, na leo nchi zipatazo 190 zimo.

Basi kwa habari ya barua, dunia imekwisha kuwa nchi moja, wala hakuna bendera iliyoteremshwa. Sababu yake si upendo. Nchi ikatazayo barua za wenzake itakataliwa zake, na hasara huonekana upesi. Mwaka 2018 Marekani ilitoa taarifa ya kujitoa kwa ajili ya ugomvi wa malipo. Mwaka uliofuata ikapatana na wenzake, ikabaki.

Kwa habari ya bunduki mambo ni mengine. Chama cha Mataifa kilianza mwaka 1920 ili kuzuia vita. Oktoba 1935 Italia iliivamia Uhabeshi, na zote mbili zilikuwa wanachama. Chama kiliinyima Italia bidhaa kadhaa, lakini mafuta ya kuendeshea magari ya vita (mafuta hasa!) hayakukatazwa, na Mfereji wa Suez, njia ya askari wake, uliachwa wazi. Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mwenyewe Geneva kudai haki. Mwezi uliofuata hata vikwazo vile vikaondolewa. Uhabeshi ilikombolewa mwaka 1941 kwa majeshi, wakiwamo askari wa K.A.R. kutoka Kenya.

Umoja wa Mataifa, ambao Katiba yake ilitiwa sahihi San Francisco mwaka 1945, ulipewa meno zaidi, kwa maana Baraza lake la Usalama laweza kuamuru nguvu itumike. Lakini Uchina, Marekani, Ufaransa, Uingereza na Urusi, kila moja yaweza kulivunja azimio kwa kura yake peke yake. Ni baraza la wazee ambalo watano kati yao hawahukumiki.

Wengi husema kura hiyo na iondolewe. Kifungu cha 108 cha Katiba chasema kwamba badiliko lo lote halina nguvu mpaka mataifa hayo matano yaliridhie yote.