Fahamu: Ni nani huwafundisha watoto wenye ulemavu Nakuru?

Mwalimu wa viziwi hazungumzi akiwa ameelekea ubaoni. Hugeuka kwanza, akasimama penye mwanga ili wanafunzi waone vyema mikono na uso wake. Ujuzi huo ndio msingi wa kazi katika shule kama Ngala, ya viziwi, mjini Nakuru.

Wanatoka wapi?

Wengi huanza kama walimu wa kawaida wa shule za msingi, kisha husomea elimu maalumu. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE), Nairobi, imekuwa ikiwaandaa tangu 1986. Miaka miwili kabla yake, Kenya ilianzisha vituo vya EARC vya kupima watoto na kuwaelekeza kwenye shule inayowafaa.

Nini huwavuta?

Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC) huwalipa marupurupu ya ziada, lakini fedha si sababu pekee. Miongoni mwao wapo wazazi wa watoto wenye ulemavu. Wapo pia viziwi waliorudi darasani kufundisha.

Kwa nini sasa?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Haki zilizomo zitamfikia mtoto wa Njoro au Molo, katika kaunti ya Nakuru, iwapo serikali itaajiri walimu na watabibu wa viungo wa kutosha.