Pampu Imesimama, Umeme Ungalimo



Katika mashamba ya miwa, viwanda vya kahawa na viwanda vya nguo, kazi haiendi bila maji, na maji huletwa na pampu. Pampu nyingi kati ya hizo huendeshwa na mota ya umeme wa fezi tatu. Anayekaa nayo usiku na mchana ni mwendeshaji wa pampu. Kwa hiyo ni haki yake, tena ni wajibu wake, kujua jinsi mota hiyo ilivyofungwa nyaya na jinsi mwendo wake unavyoongozwa. Kufungua na kufunga nyaya ni kazi ya fundi umeme. Lakini kuyajua mambo haya humhusu kila anayeikaribia mashine.

Nyaya za mota

Mota hupata umeme kwa nyaya tatu za fezi. Uko pia waya wa ardhi. Huu hauendeshi mota, bali unamlinda mtu. Umeme ukivujia kwenye bodi ya mota, waya wa ardhi huupa njia nyingine isiyo mwili wako, na fyuzi hukatika. Mota isiyo na waya wa ardhi isiwashwe.

Nyaya mbili zozote za fezi zikibadilishana nafasi, mota huzunguka kinyume. Hapo wengi hudanganyika, kwa sababu pampu ya mapanga ikizunguka kinyume bado hutoa maji, ila ni kidogo. Kila baada ya matengenezo, mzunguko ulinganishwe na mshale uliochorwa kwenye pampu kabla ya kulaumu bomba au mwendeshaji.

Fezi moja ikikatika, mota hunguruma vibaya, hupata joto, na mwishowe huungua. Kazi ya ovalodi ni kukata umeme kabla ya hapo. Ovalodi inayokata mara kwa mara inatoa habari ya ugonjwa. Kuipandisha kipimo ili kazi iendelee ni kumziba mgonjwa mdomo.

Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta umeme kiasi cha mara sita ya ule wa kawaida. Ndiyo maana mota kubwa nyingi huanzishwa kwa nyota, kisha huhamishiwa delta. Katika nyota umeme unaovutwa kutoka kwenye laini hupungua hadi theluthi moja, lakini nguvu ya kuzungusha nayo hupungua hadi theluthi. Mota isiyoweza kuondoka katika nyota huenda imezidiwa na mzigo.

Kuongoza mwendo

Umeme wa Afrika Mashariki una mizunguko 50 kwa sekunde. Mota yenye ncha nne za sumaku hufuata mizunguko hiyo, nayo huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika. Maji yakizidi, desturi ya zamani ni kufunga vali nusu. Hiyo ni sawa na kumpiga punda fimbo huku unamvuta kamba arudi nyuma.

Siku hizi viwanda vingi vimeweka inveta. Chombo hiki hubadili idadi ya mizunguko ya umeme unaokwenda kwenye mota, na mwendo hubadilika pamoja nayo. Faida yake ni kubwa. Katika bomba ambalo mzigo wake ni msuguano tu, pampu ikipunguzwa mwendo hadi asilimia 80, maji hupungua hadi asilimia 80, lakini nguvu inayotumika hushuka hadi karibu asilimia 51. Panapo mlima wa kupanda faida huwa ndogo zaidi, na mwendo ukishuka mno maji hayafiki juu. Tena, mota yenye feni kwenye mhimili wake hupoa kwa shida ikienda polepole.

Hatari iliyojificha

Inveta ina kapasita zinazohifadhi umeme. Katika laini ya volti 400, umeme uliomo hufika volti 560 hivi, nao hubaki hata baada ya swichi kuu kuzimwa. Lazima kungoja dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko, kisha kupima, ndipo mkono uingie.

Vilevile, kubonyeza kitufe cha kusimamisha si kukata umeme. Pampu inayoongozwa na boya la tangi au kutoka chumba cha mbali inaweza kuwaka yenyewe wakati mtu anazibua mapanga. Kwa hiyo swichi kuu izimwe na ipigwe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayefanya kazi. Wakiwa watatu, kufuli ziwe tatu.

Haki yetu

Kufuli hizo ni deni la mwajiri, wala si hisani. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoamini, kwa sababu za haki, kwamba pana hatari kubwa ya papo hapo. Atoe taarifa mara moja kwa msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi wakati hatari hiyo ingalipo. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi ya Shirika hilo.

Wajumbe wa kila tawi waulize maswali matatu: Kufuli zipo? Kipimo cha umeme kipo? Waendeshaji wamefundishwa? Majibu yaandikwe na yapelekwe kwenye kamati ya usalama.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Lakini anayeuawa na pampu iliyowashwa na mwenziwe asiyejua kwamba yumo ndani, kinga yake ilikuwapo: kufuli moja na ufunguo wake.