Umeweka pedi mpya za nyuma na breki bado inakuzingua? Cheki hapa kwanza

Umebadilisha pedi za nduthi yako ya matope, unakanyaga breki ya nyuma, pedali inazama tu. Tulia buda. Pistoni ilisukumwa ndani ndio pedi zitoshee, kwa hivyo pampu pedali mpaka ikaze kabla utoke kwa geti. Ikibaki laini, kuna hewa kwa laini ya breki. Itolewe.

Sasa inua tairi ya nyuma, izungushe na mkono. Ikigoma, cheki kama pini za kalipa zimekauka, ama pedali imekazwa hadi haina nafasi ya kucheza. Usipuuze hii manze. Pedi zikisugua diski safari yote, mafuta ya breki yanachemka, na huko kwa mteremko utakanyaga usipate kitu.