"Si Muhimu Kitakwimu" Maana Yake Nini? Upimaji wa Nadharia Tete katika Modeli za Regresheni za Mshahara na Matumizi ya Muda

Ikisiri

Ripoti nyingi za uchumi wa kazi hutamka kwamba kigeu fulani "si muhimu kitakwimu", na wasomaji wake huichukua kauli hiyo kuwa ushahidi kwamba kigeu hicho hakina athari. Makala haya yanafafanua kwa nini hitimisho hilo halifuati. Kwa kutumia mifano miwili inayojulikana katika ufundishaji wa ekonometriki, mmoja wa usingizi na mwingine wa mshahara, makala yanaonyesha kwamba kipimo cha koefisienti moja, kipimo cha koefisienti kadhaa kwa pamoja na kipimo cha tofauti ya koefisienti mbili hujibu maswali tofauti. Kisha yanaeleza mambo ya kuzingatiwa data za matumizi ya muda za Afrika Mashariki zinapochanganuliwa.

1.0 Utangulizi

Modeli ya regresheni ya vigeu vingi hueleza kigeu tegemezi kimoja, kama vile mshahara au dakika za usingizi, kwa kutumia vigeu huru kadhaa kwa pamoja. Koefisienti ya kila kigeu huru huonyesha badiliko linalokadiriwa la kigeu tegemezi pindi kigeu hicho kinapoongezeka kwa kipimo kimoja, vingine vikibaki vilevile. Kwa kuwa makadirio hutokana na sampuli, kila koefisienti huambatana na kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi kadirio lingeyumba endapo sampuli nyingine ingechukuliwa. Upimaji wa nadharia tete huuliza kama data zinapingana vya kutosha na kauli iliyowekwa kuhusu koefisienti hizo.

Katika Kiswahili, istilahi yenyewe ina mtego. Katika matumizi ya kawaida, jambo lisilo muhimu ni jambo la kupuuzwa. Msomaji anayeambiwa kwamba elimu "si muhimu kitakwimu" husikia kwamba elimu si muhimu, ilhali kipimo hakikusema hivyo. Kilichosemwa ni kwamba athari haikuweza kutofautishwa na sifuri kwa sampuli iliyopo. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia maneno "kubainika kitakwimu" badala ya "kuwa muhimu kitakwimu".

2.0 Koefisienti Moja: Elimu na Usingizi

Biddle na Hamermesh (1990) walichunguza kama usingizi nao ni sehemu ya mgawanyo wa muda unaoathiriwa na kazi na mshahara. Sehemu ya data zao za Marekani, za katikati ya miaka ya 1970, hutumiwa na Wooldridge katika kitabu chake cha ekonometriki. Kwa watu 706, makadirio ni haya:

usingizi = 3638.25 − 0.148 kazi − 11.13 elimu + 2.20 umri

Usingizi na kazi vimepimwa kwa dakika kwa wiki, elimu na umri kwa miaka. Makosa sanifu ni 0.017 kwa kazi, 5.88 kwa elimu na 1.45 kwa umri. R mraba ni 0.113.

Takwimu t hupatikana kwa kugawanya koefisienti kwa kosa sanifu lake. Kwa kazi ni takriban −8.7, kiwango ambacho hakiachi shaka: saa tano zaidi za kazi kwa wiki huambatana na upungufu wa takriban dakika 44 za usingizi. Kwa elimu takwimu t ni −1.89 na kwa umri ni 1.52. Katika kipimo cha pande mbili kwa kiwango cha asilimia 5, mpaka ni 1.96, kwa hiyo hakuna hata kimoja kati ya viwili hivyo kilichobainika.

Upeo wa uhakika wa asilimia 95 kwa elimu unaanzia dakika −22.7 hadi 0.4 kwa kila mwaka wa masomo. Upeo huo unajumuisha sifuri, lakini kwa sehemu kubwa umo upande wa hasi. Mtafiti anayeandika kwamba elimu haina athari amechagua thamani moja iliyo karibu kabisa na ukingo wa upeo na kuziacha nyingine zote zinazopatana na data. Kushindwa kuikataa nadharia tete si kuithibitisha.

Laiti nadharia ya kiuchumi ingekuwa imebashiri, kabla ya data kuonekana, kwamba elimu hupunguza usingizi, kipimo cha upande mmoja kingefaa. Mpaka wake ni −1.645, na nadharia tete sifuri ingekataliwa. Hata hivyo, mwelekeo hauwezi kuchaguliwa baada ya matokeo kujulikana, kwani kufanya hivyo huongeza uwezekano wa kukataa kimakosa kupita kiwango kilichotangazwa.

3.0 Koefisienti Kadhaa kwa Pamoja

Kutokana na matokeo hayo, huenda mshauri akapendekeza elimu na umri viondolewe katika modeli. Pendekezo hilo linahusu nadharia tete nyingine, yaani kwamba koefisienti zote mbili ni sifuri kwa wakati mmoja. Takwimu t mbili haziwezi kuijibu. Kinachohitajika ni kipimo F, ambacho hulinganisha modeli kamili na modeli iliyoondolewa vigeu hivyo.

Elimu na umri vinapoondolewa, R mraba hushuka kutoka 0.113 hadi 0.103. Takwimu F ni upungufu huo uliogawanywa kwa idadi ya masharti, ambayo ni mawili, kisha kugawanywa kwa sehemu isiyoelezwa na modeli kamili kwa kila digrii ya uhuru, yaani 0.887 kwa 702. Jibu ni takriban 3.96, nao mpaka kwa kiwango cha asilimia 5 ni 3.00. Nadharia tete ya pamoja inakataliwa.

Vigeu viwili ambavyo havikubainika kimoja kimoja vimebainika kwa pamoja. Hakuna ukinzani hapo. Kipimo t hukipa kila kigeu sifa ya kile tu ambacho kigeu kingine hakiwezi kukieleza. Pale vigeu viwili vinapohusiana, kama elimu na umri vinavyohusiana katika vizazi ambavyo wazee walisoma miaka michache kuliko vijana, sehemu ya maelezo yao ni ya shirika na haihesabiwi kwa yeyote. Kipimo F huihesabu.

Hali hii hutokea pia katika milinganyo ya mshahara inayofuata utaratibu wa Mincer (1974), ambamo uzoefu wa kazi huingizwa pamoja na mraba wake. Swali "je, uzoefu una athari kwa mshahara?" linahusu koefisienti mbili, na halijibiwi kwa kutazama moja.

4.0 Tofauti ya Koefisienti Mbili

Kosa la tatu ni kulinganisha takwimu t za vigeu viwili ili kuamua kipi kina athari kubwa zaidi. Mfano unaotokana na data za Kane na Rouse (1995) unahusu watu 6763 nchini Marekani. Kigeu tegemezi ni logi asilia ya mshahara. Koefisienti ya mwaka wa masomo katika chuo cha miaka miwili ni 0.0667, kosa sanifu 0.0068, ya mwaka wa chuo kikuu ni 0.0769, kosa sanifu 0.0023. Takwimu t ni karibu 10 na 33. Zote zimebainika bila shaka, lakini pengo kati ya 10 na 33 halisemi kwamba chuo kikuu hulipa zaidi. Linatokana hasa na usahihi tofauti wa makadirio.

Swali la sera ni kama tofauti yenyewe, −0.0102, ni sifuri. Kosa sanifu la tofauti halipatikani kwa kutoa kosa moja kutoka jingine, kwani hutegemea pia jinsi makadirio mawili yanavyoyumba pamoja. Njia nyepesi ni kuiandika upya modeli ili tofauti iwe koefisienti mojawapo. Kosa sanifu linalopatikana ni 0.0069 na takwimu t ni −1.48. Upeo wa uhakika wa asilimia 95 unaanzia −0.0237 hadi 0.0033. Mtunga sera anaelezwa hivi kwamba mwaka wa chuo cha miaka miwili unaweza kuwa na tija ndogo kwa takriban asilimia 2.4, au ikawa karibu sawa. Taarifa hiyo ina manufaa kuliko neno "ndiyo" au "hapana".

5.0 Kikomo cha Saa 168

Data za muda zina sharti ambalo mshahara hauna: saa zote za wiki hujumlika kuwa 168. Ikiwa modeli ya mshahara itaingiza saa za kazi ya ujira, za kazi za nyumbani zisizolipwa, za usingizi na za mapumziko zote, hakuna saa inayoweza kuongezwa huku nyingine zikibaki vilevile, na makadirio hayawezekani. Lazima kundi moja liachwe, na kila koefisienti isomwe kama gharama ya kuhamisha saa kutoka kundi lililoachwa. Kundi likibadilishwa, koefisienti na takwimu t hubadilika pia, ingawa data ni zilezile. Kauli kwamba kazi za nyumbani "hazikubainika" haina maana mpaka itajwe zimebadilishana na nini.

6.0 Data za Afrika Mashariki

Tanzania iliingiza moduli ya matumizi ya muda katika utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006 na wa 2014, na Kenya ilifanya utafiti wa matumizi ya muda mwaka 2021. Kipimo 5.4.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, kinachohusu muda wa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, kinategemea data za aina hii. Tahadhari tatu zinahitajika. Kwanza, kaya zinapochaguliwa kwa makundi ya maeneo, majirani hufanana. Kosa sanifu lisilozingatia makundi hayo mara nyingi huwa dogo kuliko inavyostahili. Pili, watu wengi huripoti sifuri katika baadhi ya shughuli na mtawanyo haulingani, hivyo kanuni ya F inayotumia R mraba haifai na kipimo kinachohimili hali hiyo kitumike. Tatu, mshahara huonekana kwa walioajiriwa tu, ilhali wengi hujiajiri au hulima. Matokeo yao hayawezi kuhamishiwa kwa wote bila hoja ya ziada.

7.0 Hitimisho

Kipimo cha kitakwimu hujibu swali lililoulizwa, si lile ambalo msomaji alilitarajia. Inapendekezwa kwamba ripoti za mshahara na matumizi ya muda zitaje nadharia tete kabla ya matokeo, zipime kwa pamoja vigeu vinavyoondolewa kwa pamoja, zipime tofauti pale swali linapokuwa la tofauti, na zitoe upeo wa uhakika badala ya hukumu tupu. Kazi isiyolipwa ya mwanamke kijijini isifutwe katika mjadala wa sera kwa sababu tu takwimu t yake ilikuwa 1.89 badala ya 1.96.