Chenso isipotunzwa masika huharibika bila kufanya kazi

MVUA zinapoanza kunyesha Novemba katika uwanda wa juu wa Ufipa, kazi ya kupasua mbao hupungua. Njia za kwenda msituni huteleza, magogo hulowa, na wakazi wa maeneo kama Msanzi, mkoani Rukwa, huelekeza nguvu zao kwenye mashamba ya mahindi na maharage. Msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso, huwekwa pembeni hadi mvua zikatike Aprili au Mei.

Mmiliki anayeishi mjini Sumbawanga, aliyemkabidhi mpasuaji mashine yake kijijini, anaweza kudhani kuwa kisichotumika hakichakai. Kwa chenso, dhana hiyo ni hasara.

Adui wa kwanza ni petroli inayoachwa ndani ya tangi. Injini hii hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Ikikaa zaidi ya mwezi mmoja, sehemu nyepesi ya petroli huvukiza na kuacha masalia yanayonata. Masalia hayo huziba matundu madogo ya kabureta na kugandisha viwambo vyake vya mpira. Ndiyo maana mashine iliyozimwa ikiwa nzima Novemba hugoma kuwaka Mei.

Kinga yake ni rahisi. Injini ikiwa imepoa, mafuta yamiminwe kwenye dumu lenye kifuniko, nje ya nyumba na mbali na moto. Kisha mashine iwashwe na kuachwa ingurume taratibu hadi izime yenyewe, ili kabureta ikauke.

Baada ya hapo waya wa plagi uchomolewe, mnyororo na bamba lake vifunguliwe. Unga wa mbao uliochanganyika na oili hunyonya unyevu, na unyevu huzaa kutu. Mfereji wa bamba, tundu la kupitishia oili na mapezi ya kupozea injini visafishwe kwa brashi. Chujio la hewa lisafishwe pia, na likioshwa likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mnyororo unolewe, kisha ulazwe kwenye chombo chenye oili safi. Oili chafu ya gari haifai, kwa kuwa hubeba chembe za chuma.

Ndani ya silinda nako kunahitaji ulinzi. Plagi ifunguliwe, kijiko kimoja cha chai cha oili safi ya injini hiyo kitiwe kwenye tundu lake, tundu lifunikwe kwa kitambaa, na kamba ya kuwashia ivutwe polepole mara kadhaa ili oili isambae. Kisha plagi irudishwe.

Mahali pa kuhifadhi nako ni jambo la kuangaliwa. Ghala la mkulima mara nyingi huwa na mifuko ya mbolea, na mbolea za chumvichumvi huvuta unyevu na kula chuma. Chenso iwekwe chumba kingine kikavu, juu ya rafu badala ya sakafu ya udongo, mbali na jiko na mahali watoto wasipofika. Isifungwe kwa nailoni, kwa sababu jasho la ndani halitapata pa kutokea. Kitambaa kikavu kinatosha.

Msimu unaporejea, mafuta yachanganywe upya kwa uwiano alioagiza mtengenezaji. Kwa mashine nyingi za kisasa, uwiano huo ni mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli. Kabla ya kukata gogo la kwanza, mpasuaji ahakikishe mnyororo umekazwa sawasawa na breki yake inashika, kwani breki iliyoganda inaweza kumgharimu kiungo au uhai.

Kazi yote hiyo humalizika kwa saa moja au mbili. Anayeipuuza huilipa Mei, pale oda za mbao zinapoingia na mashine yake ikiwa mezani kwa fundi.