Figo Haziko Kiunoni

Mwambie mtu aonyeshe figo zake zilipo, uone mkono utakapokwenda: kiunoni, pale pale pa mshipi. Mwili tunao tangu kuzaliwa, ila ramani yake wengi tumeipata barazani.

"Mwanaume ana ubavu mmoja pungufu." Uongo. Wake kwa waume wana jozi 12, yaani mbavu 24. Andreas Vesalius, aliyefundisha upasuaji Padua, aliliandika hilo mwaka 1543 na bado tunabishana. Wala hesabu hii haigombani na kisa cha Adamu kutolewa ubavu: aliyekatwa kidole hazai watoto wa vidole vinne.

"Moyo uko kushoto." Kweli nusu. Uko katikati ya kifua, nyuma ya kidari, umeinamia kushoto, na ncha yake ndiyo inayodunda upande huo. Pafu la kushoto limeupisha, likabaki na sehemu mbili. La kulia lina tatu.

"Mtoto mchanga ana mifupa mingi kuliko babu yake." Kweli kabisa. Huzaliwa na takriban 300, mingi ikiwa bado laini, kisha huungana hadi kufikia 206.

"Kiuno kikiuma, ni figo." Mara nyingi uongo. Figo ziko juu zaidi, mgongoni, chini ya mbavu za mwisho; ya kulia imeshuka kidogo kwa sababu ini limekaa juu yake. Maumivu mengi ya kiuno hutoka kwenye misuli na maungio ya uti wa mgongo. Wauzaji wa dawa za "kusafisha figo" wanafaidi mkanganyiko huu, ilhali figo zenyewe ndizo zinazosafisha: kwa siku huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu, karibu yote yakarudishwa mwilini, ikabaki lita moja au mbili za mkojo.

"Kila kiungo kina mfumo wake mmoja." Uongo, na huu tumeutoa darasani. Chati ya ukutani hupaka kila mfumo rangi yake, mwanafunzi akakariri kwamba figo ni za mkojo, basi. Kumbe figo hizo hizo hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana mgonjwa wa figo wa muda mrefu hupungukiwa damu, na juisi ya rozela, tunayoambiwa huongeza damu, haiwezi kushika nafasi ya homoni hiyo. Kongosho nalo humwaga maji ya kumeng'enya chakula kwenye utumbo, na papo hapo huingiza insulini kwenye damu.

"Mbegu za mapera huziba kidole tumbo." Karibu uongo. Kwa kawaida kinachoziba ni kinyesi kilichokauka au uvimbe wa tishu zake chenyewe. Mbegu ni nadra. Nadra si kamwe, lakini, maana kitu kilichomezwa kinaweza kufika huko: mwaka 1735 huko London, daktari wa upasuaji Claudius Amyand alimkata mvulana kidole tumbo kilichotobolewa na pini aliyoimeza. Kwa hiyo kula mapera yako. Ila maumivu yakianzia kitovuni, yakahamia chini kulia, ukawa na homa na kutapika, usikandwe tumbo wala usinywe dawa ya kuharisha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.