Unataka kusomea lishe kampo? Hii ndiyo rada yote kabla ubonyeze KUCCPS

Matokeo ya KCSE yako nayo, C+ imeingia ama umeruka juu yake, na sai kila mtu kwa nyumba amegeuka mshauri. Mathe anataka daktari. Fathe anasema ualimu haujawahi kumnyima mtu ugali. Wewe uko na simu, unapitia kozi za KUCCPS moja baada ya nyingine, halafu macho yanasimama hapa: Human Nutrition and Dietetics.

Unajiuliza, kwani kuna mtu huenda kampo miaka minne kusoma vile watu wanadishi?

Eeh, wako, na ni wengi. Lakini wengine huingia bila rada, wakidhani ni kozi rahisi ya kuchora picha za matunda, halafu mwaka wa kwanza kemia inawapeleka mbio. Kabla ubonyeze, soma hii mpaka mwisho.

1. Hii si kozi ya upishi

Ukisema unasomea lishe, jirani atakuambia, "Kumbe utakuwa shefu!" Mzoee tu. Shefu anasomea mambo ya hoteli. Msee wa sayansi ya chakula naye anasoma kinachotokea kiwandani: kwa nini maziwa ya paketi hukaa miezi bila kuharibika, unga unapimwaje, kuvu inaingiaje kwa mahindi.

Wewe wa lishe unaanzia mahali chakula kinaingia mdomoni. Kinaenda wapi? Kinageuka kuwa nini? Mama mwenye mimba anahitaji kiasi gani, na mzee wa kisukari je? Nini kinaharibika mwilini kitu fulani kikikosekana, au kikizidi?

Ndani ya hii fani kuna pande mbili. Kuna lishe ya jamii, yaani watu wengi kwa pamoja: watoto wa kijiji kizima, shule, kambi ya wakimbizi. Halafu kuna dayatetiki, ambayo ni lishe ya mgonjwa: wa figo, wa saratani, aliyechomeka, anayelishwa kwa mrija kule ICU. Kozi nyingi za digrii hapa Kenya hukufunza zote mbili.

2. Yuniti zenyewe ni sayansi, jipange

Mwaka wa kwanza na wa pili utapatana na kemia, anatomia, fiziolojia, mikrobayolojia, takwimu, na ile yuniti huogopwa na makomredi wengi: biokemia. Hiyo ndiyo inakuonyesha vile chapo inageuka kuwa sukari ya damu, na vile hiyo sukari inageuka kuwa nguvu ama mafuta ya tumbo.

Hesabu pia iko, ingawa si ya kutisha. Gramu moja ya wanga au protini hukupa kalori 4. Gramu moja ya mafuta hukupa 9, zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana viazi vya kuchemsha na chipo za kibandani vinaweza kutoka kwa gunia moja lakini mwilini vifanye kazi tofauti kabisa.

Chukua mfano wa dishi yako ya kila siku. Umeagiza chapo ndengu, na pembeni kuna kikombe cha chai. Ndengu ina madini ya chuma, yale mwili hutumia kutengeneza damu. Shida ni kwamba chuma cha mimea hakinyonywi vizuri kama cha nyama. Halafu chai ina tanini, ambazo hushikana na hicho chuma na kukizuia kuingia mwilini. Kwa hivyo unaweza kuwa unakula ndengu kila siku na sehemu kubwa ya chuma chake inapita tu.

Dawa yake haina gharama kubwa. Weka kachumbari na ukamulie ndimu, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kunyonywa. Chai nayo isubiri kama saa moja hivi. Sahani ni ile ile, na bei haijabadilika sana.

Hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu wa lishe. Hakuambii uuze simu ununue salmon. Anaangalia kile uko nacho, omena, sukuma, madondo, uji, na kukuonyesha vile kitakusaidia zaidi.

3. Wodini ndipo utajua hii si mchezo

Wengi hudhani chakula hakiwezi kumuumiza mtu mwenye njaa. Lishe itakufunza vingine.

Sema mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameletwa hospitali. Unampima mkono wa juu kwa ule utepe wa rangi unaoitwa MUAC. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Huyu amesoma 10.8, amevimba miguu yote miwili, na hataki kula. Kila mtu kwa familia anataka apewe chakula kingi haraka.

Ukifanya hivyo, unaweza kumuua.

Mwili wa mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu hupunguza mwendo ili uishi. Moyo unapiga polepole, ini na figo zinafanya kazi kidogo. Ukimmwagia chakula kingi kwa ghafla, insulini inapanda, na madini kama potasiamu na fosfeti yanakimbia kutoka kwa damu kuingia ndani ya seli. Damu ikibaki na kidogo sana, moyo unaweza kusimama.

Ndiyo maana mtoto kama huyo huanzishiwa maziwa maalum yanayoitwa F-75, yenye kalori 75 kwa kila mililita 100. Anapewa kidogo kidogo, kila baada ya masaa mawili au matatu, mchana na usiku. Hali ikitulia na hamu ya kula ikirudi, ndipo anahamishwa kwa chakula chenye nguvu zaidi, kama ile pesti ya njugu ya paketi. Paketi moja ya gramu 92 ina kalori 500 hivi.

Nani anapiga hizo hesabu, anafuatilia uzito kila siku na kumwelezea mama kwa nini mtoto hapewi ugali leo? Ni mtu wa lishe, akishirikiana na daktari na nesi. Ukilala kwa hizo yuniti za mwaka wa pili, huyu mtoto ndiye atalipa.

Na usidhani utapiamlo uko kwa maeneo ya ukame peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, ule wa KDHS, ulionyesha asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka 5 Kenya wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Mwaka wa 2014 ilikuwa asilimia 26, kwa hivyo kuna kazi imefanyika. Lakini kaunti iliyoongoza 2022 ilikuwa Kilifi, asilimia 37. Bahari iko hapo, samaki wako hapo, minazi iko hapo. Kwa hivyo kuuliza tu kama chakula kiko hakutoshi. Lazima uulize nani anakula nini, mara ngapi, na kama maji ya kunywa ni safi.

4. Unahitaji nini kuingia?

Kwa digrii, gredi ya jumla ni C+ kwenda juu, halafu masomo ya klasta. Bayolojia na kemia ndizo macho yote huangalia, kwa hivyo kama ulizitupa kidato cha pili, hapa patakuwa pagumu. Pointi za klasta hubadilika kila mwaka na kila chuo, kwa hivyo angalia za mwaka wako kwa KUCCPS. Usitumie za kasin aliyeingia zamani.

Hii fani inafunzwa kwa vyuo kadhaa vya umma, kama Kenyatta, JKUAT, Nairobi, Egerton na Maseno. Jina la kozi hutofautiana kidogo, kwa hivyo soma maelezo ya yuniti kabla uchague.

Hujafikisha C+? Tulia. Kuna diploma, pamoja na KMTC, na mtu wa diploma anaweza kufanya kazi kisha arudi kuongeza digrii. Wako wengi waliopita hiyo njia na wakifika wodini wanajua kazi kuliko sisi wa kusoma slaidi.

Doh pia ifikirie. Mbali na karo, hesabu keja, dishi, koti la maabara, na nauli ya atachimenti, ambayo mara nyingi hailipwi. Omba HELB mapema.

5. KNDI: herufi nne usizisahau

Hapa ndipo watu huchomeka. Lishe ni taaluma inayolindwa na sheria. Mwaka wa 2007 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Kenya Nutritionists and Dieticians Institute, KNDI. Bila kusajiliwa na kupata leseni yao, huruhusiwi kufanya kazi kama mtaalamu wa lishe, hata kama una digrii yenye picha yako ukutani.

Mpango uko hivi. Ukiwa bado mwanafunzi unapewa indeksi. Ukimaliza unafanya mtihani wao na kusajiliwa. Baada ya hapo leseni inalipiwa upya kila mwaka.

Sasa swali la maana: chuo unachotaka kwenda, hiyo kozi yao inatambuliwa na KNDI? Chuo kuwa na geti zuri na bango kubwa barabarani si jibu. Uliza KNDI wenyewe kabla ulipe hata thao moja. Ukigundua mwaka wa nne, miaka yako na pesa ya shamba ya mzazi vimeenda.

6. Na kazi je, iko?

Hapa sitakudanganya. Uhitaji uko mkubwa, lakini nafasi za kuajiriwa hazitoshi watu wanaomaliza. Hayo mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Tangu ugatuzi uanze 2013, afya nyingi iko mikononi mwa kaunti. Kaunti ikikosa bajeti, hospitali inaweza kuwa na watu wachache wa lishe wanaokimbia wodi zote. Mashirika ya misaada huajiri, sanasana maeneo kama Turkana, Dadaab na Kakuma, lakini mara nyingi ni kandarasi: pesa ya mradi ikiisha, unarudi kutuma CV. Kama hutaki kabisa kutoka Nairobi, jua umejifungia mlango mkubwa.

Milango mingine iko. Viwanda ni mmoja: tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano uongezwe vitamini na madini, na mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A. Lazima kuwe na watu wanaoelewa hizo namba. Kuna shule, timu za michezo, utafiti, na kliniki za kibinafsi kwa wale wameshapata uzoefu na leseni.

Halafu kuna mpinzani wako mkubwa: yule msee wa TikTok anayeuza chai ya kupunguza tumbo. Hana leseni, ana taa nzuri na wafuasi wengi. Anaambia kila mtu anywe juisi ya mboga asubuhi na jioni. Anayemsikiliza akiwa na figo zilizochoka, potasiamu ya hiyo juisi inaweza kujaa kwa damu na kuvuruga moyo. Mtaalamu wa lishe angemuuliza kwanza vipimo vyake vinasemaje. Kwa hivyo jifunze pia kuongea na watu kwa lugha yao, kwa simu zao. Elimu yako ikibaki kwa daftari, mtaa utaendelea kumsikiliza mwenye taa.

7. Jiulize haya kabla ubonyeze

Unaweza kuvumilia kemia miaka miwili bila kukata tamaa? Unaweza kukaa na mama aliyechoka na kumsikiliza bila kumhukumu kwa kile analisha watoto? Unaweza kwenda kaunti hujawahi kuona? Ukimaliza na kazi ichelewe mwaka mmoja au miwili, utakuwa na njia ya kujishikilia?

Kama majibu mengi ni ndio, hii kozi ni yako, na usikubali mtu akuambie ni ya walioshindwa kuingia udaktari. Kama unaitaka tu kwa sababu jina linasikika rahisi, achia nafasi mwingine.

Bado huna uhakika? Wiki hii, kabla dirisha la KUCCPS lifungwe, fika hospitali ya kaunti iliyo karibu nawe na uulize kliniki ya lishe iko wapi. Salimia kwa heshima, omba dakika kumi za afisa wa hapo asipokuwa na foleni. Muulize alisomea wapi, alikaa muda gani kabla ya kuajiriwa, na kama angechagua tena. Majibu yake yatakusaidia kuliko ya jirani anayekuita shefu.